Sindano ya Mwiba

Bartolomayo alirudi kutoka vita vya Burma na sikio la kushoto limeharibiwa na mlio wa mizinga. Mkononi alibeba santuri tano za jazi, alizopewa na askari mmoja Mmarekani kule Kalkuta. Mkewe, Loisi, alilihurumia lile sikio. Zile santuri alishindwa kuzivumilia.

Bartolomayo alipata kazi ya ukarani wa simu za waya, ya kusikiliza herufi zinazogongwa kwa milio, katika stesheni ya reli ya Dodoma, na kwa mishahara ya kwanza akanunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, aliifungua, akatia sindano ya chuma na kusogeza kiti karibu. Loisi alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Alichosikia ni tarumbeta likipiga mayowe.

"Utaizoea tu, Mama Filipo," mumewe alimwambia.

"Kelele haizoeleki, Baba Filipo. Mtu huichoka tu."

Siku moja mumewe alimtuma kununua sindano dukani kwa Jaffer, aliyeuza vitambaa na kutengeneza gramafoni. Jaffer alimpa kikopo cha sindano, kisha akasita.

"Dada, chuma kinaila santuri. Kila ukiipiga, kinaondoka na kidogo. Jaribu mwiba wa mgunga. Ukaushe vizuri, uunoe kwa msasa. Sauti itapungua, lakini santuri zitadumu."

Miiba haikuwa haba Ugogo. Loisi alikausha michache juani, akainoa, na asubuhi moja mumewe akiwa kazini akajaribu mmoja, huku anapepeta uwele.

Tarumbeta lilishuka, likawa kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Chini yake Loisi akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: uzi mnene wa besi ukitembea hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayeijua njia ya kwao. Kinanda kilisema neno moja, kikanyamaza, na tarumbeta likajibu. Kumbe wale watu walikuwa wanaitikiana! Ungo ukatulia mapajani. Alizipiga santuri zote tano, na uwele haukupepetwa siku ile.

Jioni alimpokea mumewe mlangoni. "Leo nimeisikia! Kaa, kaa hapa."

Akaweka mwiba, akazungusha, akasimama akimtazama. Bartolomayo alikaa akitabasamu, anangoja. Wimbo ulifika katikati.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Loisi akamwonyesha gramafoni kwa kidole. Bartolomayo akaiona santuri inazunguka, na uso wake ukabadilika.

"Na sikio la kulia linakufa," akasema taratibu. "Tangu Krismasi. Kule stesheni karani mwenzangu Sila ananirudishia herufi zinazonipita. Usimwambie mtu."

Akautoa mwiba, akatia chuma, akainama hadi shavu likagusa sanduku la gramafoni. Hapo akatabasamu. Loisi akatoka nje.

Tangu siku hiyo santuri zilipigwa kwa chuma kila jioni. Masikio ya Loisi yalikuwa yamefunguka, na sasa alisikia kila kilichokuwa kinaliwa. Besi ndiyo iliyotangulia kuzama katika mikwaruzo, kisha kinanda. Akachukua santuri moja, yenye wimbo wa polepole, akaificha katika sanduku la nguo, chini ya kanga. Mumewe alipoiulizia, alimjibu kwa ishara kwamba imevunjika.

"Basi, si kosa lako," akasema Bartolomayo, akampapasa bega. Loisi hakulala vizuri juma zima.

Mwezi wa nne mkuu wa stesheni alimwondoa Bartolomayo kwenye simu, akampeleka stoo ya mizigo. Alirudi nyumbani saa sita mchana, akaketi na kofia kichwani. Loisi akafungua sanduku la nguo, akamwekea ile santuri magotini.

"Haikuvunjika. Niliificha," akasema kwa sauti kubwa, akitamka polepole.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ibaki nzima."

"Ya kumsikilizisha nani?"

Loisi akajigusa kifua.

Bartolomayo akavua kofia. "Umeipenda," akasema, na furaha ikapita usoni mwake kabla machozi hayajamshinda. "Basi weka mwiba. Sikiliza wewe."

Loisi akatia chuma.

Waliipiga hivyo kila jioni, mumewe ameinama juu ya gramafoni, mpaka mvua zikaisha na santuri ikabaki mvumo mtupu, kama wa upepo kwenye mabua. Kufikia kiangazi Bartolomayo hakusikia hata huo. Gramafoni ikapandishwa juu ya kabati.

Kanisani, Loisi alianza kuwasikia wanaume wa besi waliokuwa wameimba nyuma yake miaka yote, wakiibeba nyimbo nzima bila mtu kuwaangalia. Akirudi nyumbani alitaka sana kumweleza mumewe. Lakini ingembidi apaze sauti mpaka majirani wasikie, na jambo lile halikuwa la kupigiwa kelele.