Chafya Kwenye Seva

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, Nukta alifungua kompyuta kwenye meza ya chakula ya shangazi yake, akaandika amri ya kutuma kazi, akangoja. Mstari wa kuonyesha mwendo wa kazi ulijaa hadi nusu, ukasimama. Kisha yakatokea maneno: Muunganisho umekatika. Sababu: chafya.

"Afya," alisema shangazi, aliyekuwa anachungulia begani kwake.

Nukta aliiandika amri ile upya. Wenzake kazini walimpa jina hilo kwa sababu hakuvumilia programu iliyokosa hata nukta moja, na wiki hii hakuwa akivumilia chochote. Kampuni yao ilikuwa na seva moja, mashine iliyokaa ofisini mjini na kutunza kila toleo la programu walizoandika, la jana na la juzi, ili mtu akiharibu leo aweze kurudi nyuma. Kazi ambayo haikufika kwenye seva ilihesabiwa kuwa haikufanyika. Yake ilikuwa imekamilika tangu Jumanne. Ilikuwa hapo hapo mbele yake, nzima, safi, haina doa, na kama isingefika kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo, mkataba wake usingeongezwa. Kilichobaki ni kufika tu.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha nenosiri. Alitengeneza ufunguo mpya wa siri na kuusajili. Aliipandisha ruta juu ya kabati, akaishusha, akaisogeza dirishani, akaitukana. Alipoiuliza seva kama ipo, ilijibu haraka haraka, ikanyamaza, halafu ikajibu polepole kama mtu mwenye kitu mdomoni. Sababu zilizotajwa kwenye skrini zilikuwa zilezile: chafya, kumeza, kusinzia, mguu kufa ganzi. Alizitafuta kwenye majukwaa ya wataalamu wa dunia nzima. Mtu mmoja tu aliwahi kuuliza kuhusu mguu kufa ganzi, na aliambiwa asasishe programu zake.

"Si uizime na kuiwasha?" alisema shangazi.

"Shangazi, nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu."

"Basi ifuate huko iliko. Mimi mtu asiyepokea simu zangu huwa namfuata kwake."

Nukta alibeba kompyuta yake, akaenda mjini, akafika alasiri.

Meneja alimpokea mlangoni kwa tabasamu la mtu anayejua umekuja kulalamika. "Mtandao tena?"

"Tena, bosi. Naomba niione seva yenyewe."

"Karibu. Ila usimwongeleshe sana," alisema meneja, akampa ufunguo.

Chumba cha seva kilikuwa kidogo, baridi, na kilinuka vumbi na dawa ya kuchua misuli. Katikati ya makabati mawili ya chuma alisimama fundi wa mtandao. Mkono wa kulia ulishika ncha ya waya mmoja, wa kushoto ncha ya waya mwingine. Kifaa cha kuziunganisha ncha hizo kiliungua wakati wa mvua, na wakati wanasubiri kipya, meneja alimwomba Fundi ashike kidogo. Ikaonekana kwamba kazi zinapita mwilini mwa mtu bila shida kubwa, na oda ya kifaa ikafutwa. Vitaa vya kijani viliwaka na kuzima chini ya ngozi ya viganja vyake. Nukta aliinama kuvikagua. Vilikuwa vinawaka kwa mpangilio sahihi.

"Habari za kazi, Fundi?"

"Nzuri, dada. Wewe ndiye mwenye ile programu ya kupanga zamu?" Alipofungua mdomo, vitaa vikayumba. "Yako nzito. Kila ikifika kifuani inanikaba."

"Hakuna wa kukupokea?"

"Wamejaribiwa wengine. Kwao inatoka imechanika. Meneja anasema mimi nina damu tulivu."

Nukta alitafuta tundu kwenye seva, aichomeke kompyuta yake moja kwa moja bila kumsumbua mtu. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa gundi kwa ajili ya usalama. Alitaka kupiga teke kabati, akajizuia kwa sababu Fundi angetikisika. Basi akaketi juu ya kreti, akajiunga na mtandao wa ofisi, akatuma. Hata wa hapo ofisini walipitia kwa Fundi.

Fundi alifumba macho na kupumua taratibu. Mstari ulifika nusu, ukavuka. Ulifika robo tatu, mahali ambapo haukuwahi kufika wiki nzima. Hapo simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Fundi.

"Nisaidie," alisema kwa midomo isiyofunguka vizuri. "Kama ni mdogo wangu, niwekee sikioni. Yuko hospitali na mama. Mama amegoma kuingia kupasuliwa mpaka asikie sauti yangu."

Nukta aliichomoa simu. Kwenye kioo paliandikwa: Mdogo Wangu. Saa kumi ilikuwa inabisha hodi. Salamu mbili tatu tu zilikuwa zimeyumbisha vitaa, sembuse maongezi na mama.

"Nani?" aliuliza Fundi, macho bado amefumba.

"Matangazo," alisema Nukta. "Wanauza milio ya simu."

"Hao hawachoki."

Aliikata. Ikaita tena, akaizima sauti, ikabaki inatetemeka kiganjani mwake kama kifaranga. Aliishika kwa nguvu.

"Hii yako," alisema Fundi baada ya kitambo, "inapangia watu mapumziko pia?"

"Ndiyo. Mtu hawezi kupewa zamu mbili mfululizo. Programu inakataa."

"Hapo panapita vizuri. Pako laini."

Kazi ikafika. Nukta alifurahi. Alifurahi kwanza, mpaka akapiga makofi, na aibu ikamjia baadaye. Ndipo akapiga ile namba na kumwekea Fundi simu sikioni. Alisikia kila kitu, maana chumba kilikuwa kidogo.

"Wamemwingiza sasa hivi," alisema mdogo mtu. "Amesubiri, manesi wakachoka. Alikuwa ananiuliza umemkasirikia nini."

"Mwambie akitoka nitaongea naye," alisema Fundi. Mikono yake haikuachia waya.

Jumatatu skrini za wote ziliandika kitu kimoja: Muunganisho umekatika. Sababu: msiba. Kundi la kazini kwenye simu lilijaa malalamiko. Mmoja alisema ana mteja anamngoja, mwingine akauliza msiba huo utachukua muda gani. Meneja aliomba radhi kwa usumbufu, akaahidi hali itatengemaa, na akampigia Nukta simu. Kwanza alimpongeza, mkataba wake ulikuwa umeongezwa. Kisha akampa kazi. Wateja walikuwa wameanza kuuliza maswali, alisema, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelifuatilia tatizo mpaka chumbani, aufute kabisa ule mstari wa sababu.

Ilikuwa kazi ndogo. Nukta aliikagua mara mbili, hakuona kosa, akakaa muda mrefu na kidole juu ya kitufe hadi shangazi akamuuliza kama mashine imeganda tena. Akasema hapana, akabonyeza.

Fundi, akiwa ameshika tena waya zake, aliipitisha yote kwa mkupuo mmoja, na kwenye kundi wakaandika kwamba afadhali, leo mtandao umetulia.