Zima Zote

Karatasi ilikuwa moja tu. Ilipitishwa mezani mkono kwa mkono hadi ikamfikia Shangazi, naye akaiinua karibu kabisa na pua. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na mashine ya ofisi ilikuwa imechapa herufi ndogo kama chawa.

"Nisomeeni," alisema.

Mwanasheria wa idara ya maji akamsomea. Saa nane na dakika kumi na saba mchana, kengele za hatari mia moja na nne zilizimwa kwa mpigo mmoja. Mojawapo ilikuwa ikionya kwamba umesimama mtambo unaotia dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya mtaa wa bondeni. Aliyezizima: jina la Shangazi, majina yake yote matatu. Siku tisa baadaye, watoto watano wa bondeni walikuwa wamezikwa kwa ugonjwa wa kuhara.

Kwenye kiti cha mwisho, yule waliyemwita Mrefu alitazama kidole chake cha shahada. Ndicho kilichobonyeza.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Chumba kizima cha kuongozea mitambo kilimpa cheo hicho kwa sababu aliwafundisha wote. Mrefu, yeye ndiye aliyemtafutia hata hiyo kazi, kisha akamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta na kumwonyesha kengele ya kweli na ya uongo. Za uongo zilikuwa tele. Pampu namba sita, iliyong'olewa miaka mitatu iliyopita, bado ililalamika kila asubuhi kwamba ina joto. Mistari myekundu mia nne kwa zamu moja, na kila mmoja unataka ubonyeze "Nimeona". Ukisema uisome yote, huli, hunywi, na bado humalizi. Ndiyo maana kulikuwa na kitufe cha "Zima Zote", na Mkurugenzi alikipenda kitufe hicho kuliko alivyowapenda wafanyakazi.

Siku ile Shangazi alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho, na hakufikiwa hata kuandikwa. Aliaga kwa mdomo, kama walivyoaga wote. Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Wageni wanapanda ngazi. Sitaki kuona wekundu humu." Mrefu akabonyeza. Kioo kikawa kijani, wageni wakapiga picha, wakaenda zao.

"Bosi," Shangazi alimwambia Mkurugenzi sasa, "hilo jina langu tunalitumia sote wanne kuingia kwenye mashine. Mlinunua ruhusa ya mtu mmoja. Wewe mwenyewe ulisema inatosha."

"Una barua yangu inayosema hivyo?"

"Barua ya nini tena, Bosi? Si ulisema tumesimama wote pale?"

"Mashine haina undugu na mtu, mama. Imeandika ilichoona." Mkurugenzi alimgeukia Mrefu, na sauti ikalainika. "Kijana wangu. Wewe siku hiyo ulikuwa humo? Fikiri kwanza. Barua yako ya ajira ya kudumu iko kwangu, inangoja sahihi tu."

Mrefu alijua kwamba Mkurugenzi anajua. Askari wawili walikuwa wakisubiri kwenye korido, kofia mapajani. Shangazi alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, fupi: mimi. Akamfikiria mkewe na kichanga cha wiki tatu katika chumba cha kupanga, akajichukia kabla hata hajafungua mdomo.

"Nilikuwa nimetoka kidogo," alisema. "Shangazi nilimwacha kwenye kiti."

Shangazi hakupiga kelele wala hakumlaani, na Mrefu alitamani angefanya hivyo. Aligeuza tu uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Haya," alisema.

Mwandishi wa kikao akamsogezea karatasi ya pili, ya kuthibitisha kwamba ameelezwa kosa lake na amelisikia. "Tia sahihi hapo chini, mama."

Shangazi akashika kalamu, akapapasa. Wino ukachora kwenye meza.

"Mwanangu," alisema, na wote wakajua anamwita nani. "Njoo unionyeshe mstari. Mimi siuoni."

Mrefu akatazama wakubwa. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akazunguka meza, akaushika mkono wa Shangazi na kuweka ncha ya kalamu juu ya mstari.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Shangazi," alisema, na akaushikilia mkono hadi jina likaisha.