Plau Inayoshuka Yenyewe

Plau ile ilikuwa inashuka yenyewe. Ukiinyanyua nyuma ya trekta na kuzima injini, inakuja chini polepole bila mtu kugusa wenzo. Meneja wa shamba la katani pale Gwata alitaka kujua oili inavujia wapi, na mimi Mfaume, fundi na Mzaramo wa Kisarawe, sikubali kushindwa na chuma.

Asubuhi niliipima kwa alama ya chaki. Inashuka injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo pampu haina kosa. Mabomba ya nje yalikuwa makavu. Basi oili inapita ndani, ama kwenye mpira wa pistoni, ama kwenye vali. Ilibidi nilale chini ya plau nitege sikio. Niliweka gogo la kuizuia, lakini gogo likibeba uzito, oili haivuji na husikii kitu. Nikaliweka kando. Si nilishaona inavyojikokota?

Dereva Kapaya aliporudi kutoka kulima adhuhuri, nikamwambia anyanyue plau, azime injini. Akaenda pembeni kula mihogo yake. Nikajilaza, nikafumba macho. Nikaisikia: ti, ti, ti, upande wa pistoni. Nikafurahi, mjinga mimi. Asubuhi oili ilikuwa baridi na nzito. Sasa ilikuwa ya moto, nyepesi kama maji, na plau ikashuka upesi. Nilipofumbua macho, ncha ya plau ilikuwa imenasa mkanda wangu, inanikandamiza tumbo mchangani.

"Wewe mpagazi! Nakufa huku!"

Kapaya akacheka, akidhani ni utani. Yeye Mnyamwezi, mtani wangu, na watani tunauana na kuzikana kila siku. Juzi tu alijilaza shambani akijifanya maiti, nikamlilia mbele za watu.

"Kufa upesi, Mzaramo! Nina hamu na wali wa matanga yako!"

Chuma kiliendelea kushuka. Niliogopa, nasema bila haya. Nilimwona mke wangu Mwanamvua akiambiwa. Nilimwona Kapaya akimaliza mihogo yake, akija kunicheka, akinikuta nimeshapoa. Pumzi ilibaki kidogo.

"Kapaya. Ndugu yangu. Nisaidie."

Kicheko kikakatika. Miaka yote ile hakuwahi kusikia jina lake kinywani mwangu; nilimwita mpagazi tu, kwa babu zake waliobeba mizigo ya misafara. Nikasikia anakimbia. Akasukuma gogo chini ya plau, likaizuia, kisha akapiga magoti na kufukua mchanga chini ya mgongo wangu kwa mikono mpaka nikapata nafasi, akanivuta nje.

Tulikaa chini wote wawili. Tumbo lilikuwa linavuja damu, si nyingi.

"Ni mpira wa pistoni," nikasema.

Akanipangusa mchanga mgongoni kwa mkono mmoja.

"Nitukane basi, mpagazi."

Akatikisa kichwa. Alikuwa bado ameshika shati langu, na hakuliachia.