Kona Iliyokatwa

Mwandishi wa safu ya afya alikuwa hajavua hata viatu pale shangazi yake alipomtangazia, mbele ya majirani watatu na birika la chai, kwamba vidonge vya presha ameachana navyo.

"Si wewe mwenyewe uliyeandika?" shangazi alisema. "Unga wa mizizi, kijiko asubuhi, kijiko jioni, presha kwaheri."

"Mimi? Lini?"

Shangazi akanyoosha kidole kwenye mlango wa kabati. Kila makala ya mpwa wake aliikata kwa mkasi wa kushonea, akaisawazisha kingo, akaibandika pale wageni waione. Na kweli, makala ya unga ilikuwa katikati ya mlango, na juu yake picha ya mpwa mwenyewe, meno yote nje.

Damu ikamchemka. Hakuwa ameandika hata neno. Watu wa matangazo waliuchomeka unga wao kwenye safu yake akiwa likizo, picha wakaiacha palepale. Akampigia mhariri, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, mbona unapandisha hasira? Tumeandika 'Tangazo'."

"Wapi?"

"Juu, kwenye kona. Herufi ndogo, lakini zipo."

Akatazama kabati. Kona zote zilikuwa zimepunguzwa, safi kama kucha za bibi harusi.

"Huyo ndiye bosi?" jirani mmoja akauliza. "Ana sauti tamu. Hata mimi ningenunua."

Shangazi hakucheka. "Gazeti liseme uongo na sura yako juu yake?"

"Limesema, shangazi."

"Ya mdomo ni ya mdomo, mwanangu. Ya gazeti ni ya gazeti."

Mpwa akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Ni kama kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe jirani akakumbuka nakala yake nzima ya gazeti lile, akaileta ikiwa na mikunjo ya viatu alivyokuwa amefungia. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza kona yake ya juu puani.

"Hiki kisisimizi ndicho kilichotakiwa kuniambia?"

"Ndicho."

Akaomba maji, akameza kidonge chake, akalibandua tangazo la unga mlangoni. Mpwa akashusha pumzi. Kumbe mapema.

"Na hii ya kutembea asubuhi?"

"Hiyo yangu."

"Na ya mafuta ya kupikia?"

Mpwa akaikodolea macho. Picha yake ilikuwa inacheka vilevile. Hakukumbuka kuiandika, wala hakuweza kuapa kwamba hakuiandika.

Shangazi akampa kisu cha kubandulia. "Anzia juu, mwanangu. Sisi tunakunywa chai."