Kufuli Kumi na Moja za Alby

Mueni alisukuma mlango wa chumba cha kufulia kwa kiwiko, simu mkono huu, sambusa mkono ule, akasimama pale pale mlangoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Ubao ulikuwa mtupu.

Ubao wenyewe si kitu cha kutisha. Ni bati la kijivu lililopigwa ukutani juu ya mashine za kufulia, lina mashimo thelathini na tano: siku saba, kila siku vipindi vitano. Kila nyumba kwenye jengo lao hapo mtaa wa Alby ilikuwa na kikufuli chake, kidogo kama kidole gumba, kimeandikwa namba ya mlango. Unakichomeka kwenye saa unayotaka kufua, unazungusha ufunguo, basi, saa hiyo ni yako. Hakuna wa kukigusa mpaka wewe mwenyewe uje na ufunguo wako. Miaka thelathini na kitu watu wa jengo lile walipangana hivyo bila kutukanana, au tuseme bila kutukanana sana.

"Natacha," Mueni akasema polepole, "si ulisema saa tisa?"

Natacha, mwenzake wa darasa aliyekuwa nyuma yake, ambaye akiwa na kosa huwa anahamia Kiswidi, alijibu kwa Kiswidi kwamba tangazo lilisema saa tisa. Akaisogelea karatasi iliyobandikwa mlangoni. Akasoma tena.

Tangazo la kampuni ya nyumba lilisema hivi: ubao unang'olewa Ijumaa saa tisa mchana, na kuanzia kesho yake kufua ni kwa kuweka nafasi kwenye simu. Halafu chini, kwa maandishi madogo: kila mpangaji atoe kufuli yake kabla ya saa sita, airudishe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.

"Umesoma juu ukaacha chini," Mueni akasema.

"Chini kulikuwa kurefu."

Sasa ilikuwa Ijumaa hiyo, saa saba kasorobo. Darasa lao la saba lilikuwa linajenga makumbusho ya historia mtandaoni. Kila wawili wana chumba chao, mgeni anatembea humo kwa simu akiangalia vitu kutoka kila upande. Masharti ya mwalimu Anton yalikuwa mafupi: kitu kitoke mnapoishi, mkipige picha wenyewe pande zote, na watu wanaokijua wakizungumzie. Mchana wote alikuwa amewaachia kwa kazi hiyo. Ikifika saa kumi anafunga sehemu ya kupakia picha, na chumba kisicho na kitu hakionyeshwi. Saa kumi na moja wazazi wanaingia ukumbini.

Chumba cha Mueni na Natacha, namba kumi na nne, kilikuwa na sakafu safi, taa nzuri, na hakuna kingine. Na mama yake Mueni, anayewahudumia wazee kwenye makao yao, alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aje aone. Bei ya hiyo zamu ilikuwa Jumapili nzima, asubuhi mpaka usiku.

"Tuupige picha hivyo hivyo mtupu," Natacha akasema.

"Tuonyeshe bati lenye matundu? Watadhani ni la kukunia nazi." Mueni akameza sambusa. "Kufuli bado ziko majumbani. Nani unamjua hapa wa kurudisha kitu ofisini kabla ya mwisho wa mwezi? Twende tukagonge."

Wakaanzia juu, ghorofa ya nane, kwa miguu, maana lifti ilikuwa na karatasi yake ya kuomba radhi tangu Jumatatu. Milango mingi ilikuwa kimya. Watu wako kazini. Mmoja alifungua na mswaki mdomoni, akasema kufuli ameshaitupa, akafunga. Lakini wengine walikuwepo. Kulwa wa ghorofa ya sita, anayefagia treni usiku, alitoka na shuka mabegani.

"Mnaniamsha kwa ajili ya kufuli?"

"Kwa ajili ya historia, kaka Kulwa."

"Historia inaanza saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Basi ngoja nivae suruali ya historia."

Kufikia saa nane chumba cha kufulia kilikuwa na watu kumi na mmoja na kelele za watu thelathini. Bibi Prudence, nyanya yake Natacha, alishuka na kapu zima la nguo, kana kwamba hakusikia alichoitiwa. Mueni akapanda juu ya kiti, simu mkononi.

"Jamani, kila mtu aweke kufuli pale alipokuwa anafua siku zote. Ile saa yake ya kweli."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Watu wanne walikwenda moja kwa moja kwenye shimo moja: Jumamosi, saa nne asubuhi. Kila mtu kwenye jengo lile anajua hiyo ndiyo saa ya wafalme. Umelala vizuri, umekunywa chai, unafua, na Jumapili una nguo safi ya kanisani.

"Hapa ni kwangu," akasema mzee Solomon, ambaye watoto wote humwita Baba Daisy. Anaendesha basi, na hata siku ya mapumziko alikuwa amevaa koti la kazini.

"Kwako tangu lini, Solomon?" Bibi Prudence akamuuliza. "Mimi Jumamosi nimekuona hapa lini? Wewe nakuonaga Jumanne gizani, unafua kama mwizi."

"Prudence, hii ni makumbusho. Kwa makumbusho watu huvaa vizuri."

Watu wakacheka. Mueni alitamani kucheka pia lakini saa ilikuwa inakimbia.

"Baba Daisy, sema ukweli. Ulishawahi kufua Jumamosi saa nne?"

Solomon akaitazama kufuli yake kiganjani. "Miaka kumi na tisa," akasema. "Hata mara moja. Wikendi ni zangu barabarani. Mwenye gari lake mwenyewe anapumzika, sisi ndio tunaendesha."

"Basi iko Jumanne."

"Saa moja asubuhi," Kulwa akachangia. "Mimi narudi kazini namkuta."

"Wewe lala," Solomon akamwambia. Akasogea Jumanne, akachomeka, akazungusha ufunguo. Halafu akaelekeza kidole kwenye simu ya Mueni. "Lakini uandike, mrembo. Usiweke kufuli tu watu wadhani napenda kuamka. Andika Jumamosi niliitaka miaka kumi na tisa na sikuipata."

Mueni akaandika. Halafu ikawa kila mtu anataka kuandikiwa. Kulwa alitaka iandikwe kwamba saa nane mchana ni asubuhi yake. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alitaka iandikwe kwamba alikaa miezi saba bila saa, akafulia nguo za mtoto kwenye beseni, mpaka mtu alipohama. Kufuli kumi na moja zikasimama kwenye bati, na karibu zote zilikuwa pembeni: alfajiri au mwisho wa siku, katikati ya wiki. Wale wengine watatu wa Jumamosi nao walikuwa wamehamia saa zao za kweli.

Natacha alikuwa ameanza kupiga, picha ya nne kati ya sitini, saa tisa kamili mlango ulipofunguliwa na akaingia Bertrand, fundi wa kampuni ya nyumba, na sanduku la vifaa mkononi na ngazi begani.

"Mungu wangu," akasema Bertrand kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Mimi niliambiwa ubao ni mtupu."

"Ulikuwa mtupu, tonton," Mueni akasema, akimwita mjomba kwa Kifaransa. "Tupe nusu saa."

"Sina nusu saa. Niko na mbao ine zingine leo." Akaonyesha vidole vinne. "Na picha bila permission ya bureau, ruhusa ya ofisi, hapana."

Akapanda ngazi yake, akatoa bisibisi, akatafuta skrubu. Akainama upande huu, akainama ule. Skrubu nne zilikuwa ndani ya mashimo ya pembeni, na mashimo hayo manne yote yalikuwa na kufuli.

"Mtoe kufuli."

Watu wakatazamana. Kulwa akaanza kupapasa suruali yake ya historia kwa makini sana, mfuko kwa mfuko, kana kwamba ufunguo umepotea. Bibi Prudence akapita katikati yao, akafungua mashine, akasukumiza nguo, akamimina sabuni na kubonyeza. Maji yakaanza kuingia.

"Mama, unafanya nini?" Bertrand akauliza.

"Nafua. Ijumaa, saa saba mpaka saa kumi. Kufuli yangu ile pale." Akaonyesha sheria za kampuni kwenye fremu ukutani. "Soma. Mwenye kufuli asisumbuliwe mpaka saa yake iishe. Mmeandika wenyewe."

"Lakini sasa ni kwa simu, mama."

"Simu inataka kitambulisho cha benki. Benki inataka pasi. Pasi yangu iko kwa ofisi ya uhamiaji, miezi tisa sasa. Niambie, mwanangu, hizi shuka nizilalie chafu mpaka mwezi gani?"

Bertrand, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashuka kwenye ngazi. "Mimi wananituma tu," akasema. Akapigia ofisi. Akaweka sauti ya nje ili wote wasikie kwamba si yeye anayeamua. Sauti ya mwanamke wa mashine ikamshukuru kwa kupiga simu, ikamwambia yuko nafasi ya ishirini na tatu kwenye foleni. Kisha ukaanza muziki wa piano.

"Ee," Solomon akasema, akivuta kiti. "Karibu kwetu. Keti."

Bertrand akaketi. Natacha akaendelea kupiga: juu, chini, kushoto, kila kufuli, kila namba. Foleni ilipofika nafasi ya kumi na sita simu ikakatika yenyewe. Bertrand akaitazama, akafunga sanduku lake.

"Nitaandika sikuweza kuufikia ubao," akasema. "Jumatatu nitarudi. Kama nitaambiwa." Mlangoni akageuka. "Na mimi kule ninakokaa, Jakobsberg, nilikuwaga na Jumatano saa mbili usiku. Muweke."

"Tonton, hapa ni Alby tu."

"Basi," akasema, akaondoka.

Saa kumi kasoro dakika sita. Mueni akapakia picha. Ubao ukajitokeza polepole ndani ya chumba namba kumi na nne, ukazunguka, kufuli zake zikimeremeta. Fomu ya mwisho ikafunguka, ile ambayo darasa zima lilikuwa limeijaza. Jina la kitu. Mahali. Kilianza kutumika lini. Halafu: kiliacha kutumika lini, na kisanduku cha kuandika mwaka.

"Weka mwaka huu," Natacha akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Haraka."

Mueni akatazama nyuma. Bibi Prudence alikuwa ameketi mbele ya mashine yake mikono mapajani, shuka zikizunguka kwenye kioo. Chini ya kisanduku cha mwaka kulikuwa na kingine, kidogo, ambacho wenzao wenye mashoka na sarafu za kale hawakukihitaji: bado kinatumika.

Akakigusa. Mtambo ukauliza kama ana uhakika.

Natacha akanyoosha kidole, akabonyeza ndiyo.