Turubai la Mtumbwi wa Mzee Bujiku

Maige alipopima mtumbwi wa Mzee Bujiku asubuhi ile mwaloni Nassa, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, hakuuliza swali hata moja. Alivuta futi yake kutoka mbele mpaka nyuma, ubavu huu mpaka ule, akaandika namba kiganjani kwa kalamu huku wavuvi wakimtazama. Aulize nini? Malori ya pamba yanayotoka Bariadi yalifunikwa kwa kazi ya mkono wake, msimu hadi msimu, na hakuna robota lililowahi kulowa chini ya turubai lake. Mtumbwi ni nini mbele ya lori?

Scola, binti wa Bujiku, alimsogelea na beseni la dagaa kiunoni.

"Muulize baba habari ya injini," alimnong'oneza.

"Injini iko wapi? Mimi naona mbao tu."

"Asubuhi wakitoka ziwani wanaibeba mpaka nyumbani, wezi wamezidi. Lakini mchana anairudisha..."

"Scola, mimi nakufundisha kukaanga dagaa?"

Alicheka, akaondoka na beseni lake.

Maneno ya mzee, Maige alipoomba kumwoa Scola, yalikuwa yamenyooka. "Ng'ombe huna, nimeambiwa. Unasema una mikono. Haya, nishonee turubai la mtumbwi wangu. Likikaa, nitapokea washenga wako, ng'ombe utaleta polepole. Lisipokaa, kuna mtu wa Mwandoya ananipigia simu kila Jumapili, na zizi lake limejaa."

Maige alirudi Bariadi, akafunga kibanda chake kwa wateja wengine. Mashine yake ilikuwa ya chuma kitupu, ile ya kushonea maturubai na viti vya magari, na ikianza kunguruma majirani walipandisha redio. Alipitisha uzi wa nailoni kwenye nta, akakunja kila pindo mara mbili, akashona mistari miwili iliyofuatana kama reli. Siku ya nane alirudi Nassa, turubai begani.

Ilikuwa saa saba mchana. Injini ilikuwa imefungwa nyuma ya mtumbwi, imesimama wima.

Turubai lilikaa mbele. Likakaa ubavuni. Lilipofika nyuma likagota kwenye injini, na hata livutwe vipi, halikwenda mbele zaidi.

"Fundi!" Athanasi, mvuvi mwenye mdomo kuliko wote pale mwaloni, alipiga makofi. "Umeuvalisha mtumbwi kaptula!"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Hata kina mama wa dagaa waliacha kuanika.

Mzee Bujiku hakucheka. "Si kitu, mwanangu. Ongeza kipande hapo nyuma, mkono mmoja na nusu tu. Sindano za nyavu zipo. Ukimaliza, jioni waite hao washenga wako."

Scola alimtazama Maige kwa macho yaliyosema: shona, shona sasa hivi.

Maige aliikunja ile kazi yake. "Mimi sishoni viraka, baba. Nitakuletea jipya."

"Lini?"

"Likikamilika."

Scola alimkimbilia mpaka barabarani. "Maige, ni kipande tu!"

"Hukuwasikia walivyonicheka?"

"Wamecheka leo, kesho watamcheka mwingine."

"Unataka kuolewa na fundi wa viraka?"

"Nataka kuolewa na wewe."

Basi lilifika. Akapanda.

Turubai la uzito alioutaka halikupatikana Bariadi. Akaagiza Mwanza, akasubiri. Lilipofika, pamba ilikuwa imeiva na madereva walipanga foleni mlangoni kwake. Aliwapokea mchana, alfajiri akashona la Bujiku. Safari hii alilitengenezea nundu nyuma, mahali pa injini kuingia kichwa na mabega. Mshono wa nundu ulipinda upana wa uzi mmoja. Akaufumua. Akashona tena, ukapinda kidogo zaidi ya nywele, akaufumua tena.

Scola alipiga simu, Maige hakupokea. Alitaka turubai ndilo lizungumze kwa niaba yake. Ukaja ujumbe: "Baba anauliza. Nimjibu nini?" Akaandika: "Mwambie fundi yuko kazini." Baada ya hapo hakukuja ujumbe mwingine, na Maige aliuchukulia ukimya ule kuwa ni uvumilivu.

Wiki ya sita alishuka Nassa.

"Mwadila, baba," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Maige," alijibu Bujiku. Hakusema mwanangu.

Walilitandika wawili. Mbele, ubavuni, nyuma. Nundu ilimeza injini yote, ikatulia, kamba zikafika palepale zilipotakiwa kufungwa. Mzee alipitisha kiganja juu ya mshono wote, taratibu.

"Limekaa," alisema.

"Basi washenga waje lini?"

Bujiku aliinua macho akatazama maji. "Ng'ombe waliingia Jumanne. Scola yuko Mwandoya tangu juzi."

Maige aliikaza kamba iliyokuwa tayari imekazwa.

"Sikumlazimisha," mzee aliendelea. "Yule mtu nilimzuia wiki nne nzima. Ya tano Scola mwenyewe alinifuata zizini. Akaniambia, 'Baba, Maige anawashonea waliomcheka. Mimi hanishonei.' Nikapiga simu Mwandoya."

Maige alikagua pindo, akakagua mshono, akitafuta kosa lolote la kurekebisha, apate sababu ya kuendelea kusimama pale. Hakuliona. Akasogea pembeni, akatoa simu, akapiga.

Ilipokelewa upesi. Nyuma yake zililia kengele za ng'ombe.

"Limekaa?" aliuliza Scola.

"Limekaa."

"Na injini imeingia?"

"Imeingia. Scola, nakuja huko. Nitaongea na huyo mtu, nitaongea na..."

"Najua limekaa vizuri," alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Usipige tena, Maige. Mimi ni mke wa mtu."

Simu ilikatwa. Maige hakuishusha sikioni. Wavuvi walikuwa wameuzunguka mtumbwi, wanashika pindo, wanainama kuchungulia ile nundu, na Athanasi alikuwa akimwita kwa nguvu, kwa heshima kabisa, njoo fundi, njoo utuambie umeishonaje hii.