Gari la Mahfudha Liko Nje

Uligeuza uso. Usiniambie ulikuwa unatafuta chumvi. Nilikuona jana kwenye harambee yetu, meza ya tatu, ukumbi ule wa Mansfield, chini ya bango lililoandikwa UWAZI KWA WAFADHILI.

Alitangulia Patroba na mradi wake wa nyumba ya wajane. Akaweka video: droni, machozi, muziki, mama mmoja anatabasamu polepole. Mzee Dedan akauliza jengo limefika wapi.

"Limefika moyoni, mzee wangu!" Mkapiga makofi. Huyo ndiye Patroba wa maktaba ya mwaka juzi. Nani kati yenu amewahi kuona kitabu cha maktaba ile?

Kisha akasimama Mahfudha, yule wa Mombasa anayewafundisha akina mama wakimbizi wa mtaa wa Gulfton, Houston, kuendesha gari. Video hana. Alikuja na gari lenyewe kutoka huko, na mwanafunzi wake ndiye aliyeshika usukani njia nzima.

"Ndugu zangu, sitawaficha. Wengine wamefaulu, wengine wamefeli. Giaboksi imechoka, tumefika kwa dua. Gari liko nje. Nendeni mkalikague, mniulize mtakalo."

Hakuna aliyetoka kulikagua.

"Dada Mahfudha," akasema MC wetu Celestine, "si ungeanza na positive?"

"Na wakifeli nisemeje, dada'ngu? Wamechelewa kufaulu?"

Mwanafunzi mwenyewe, Mama Précieux, akainuka. "Miye nilianguka mtihani mara mbili, juu ya ku-park. Jumatatu narudia. Hospitali imenipa kazi ya usafi, ya alfajiri, na saa ile basi haiko. Bila gari hii, kazi inapotea."

Wewe ukainamia sahani. Jirani yako akanong'ona, "Hawa wana matatizo, bwana," na bahasha zote zikaenda kwa Patroba, ambaye hana tatizo hata moja kwa sababu hasemi lolote. Mnadai uwazi kila mwaka. Mkipewa, mnaona aibu kana kwamba mmemkuta mtu anaoga.

Kilichowatoa nje hatimaye ni picha: gari lilikuwa limeziba ukuta wenu wa kupigia picha. Celestine akaomba liondolewe. Mama Précieux akawasha, akatia gia. Likakohoa, likazima. Simu zikainuka kurekodi. Patroba akauliza kama anaweza kuitumia hiyo clip.

Leo Jumapili gari bado liko pale, na mtihani ni kesho, Houston, kwa gari hilohilo. Kibet, fundi wa Arlington hapa jirani, ana giaboksi na amekubali kufungua gereji. Hana wa kulisukuma gari hadi kwenye trela, wala wa kuilipia giaboksi.

Basi inuka. Simu mfukoni. Njoo ushike bampa upande wa kushoto, uyaone hayo matatizo kwa macho yako, kisha umlipe Kibet. Chai yako utaikuta ukirudi. Sukuma!